Msimpe muuzaji fimbo

Najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisco kimyakimya. Sijadisco jamani, nipo. Ni hizi kazi za makundi (wanaofanya wawili, majina kumi na mbili) na test mbili zilizopangwa wiki moja. Leo nimerudi, na nimerudi nimenuna. Chukueni chai, kaeni vizuri, hii ni ndefu.

Wengi wenu mpo kwenye lile kundi letu la WhatsApp la kuuziana vitu: feni, magodoro, majiko ya gesi, hita za maji, simu, laptopu zilizotumika. Mwaka wa tatu wanauza wakiondoka, mwaka wa kwanza wananunua boom ikitoka. Ni kundi zuri, limeokoa wengi. Sasa waratibu wameleta pendekezo. Kuanzia muhula ujao, dili likiisha mnunuzi atampa muuzaji nyota, na muuzaji naye atampa mnunuzi nyota, pamoja na maneno mawili matatu, na vyote vinabandikwa kundini papo hapo kwa majina. Eti haki sawa kwa wote. Kura ni Jumamosi, na mpaka naandika hapa watu wamejaza vidole gumba tu.

Mimi napinga. Wazo la nyota silipingi, nalipenda sana. Napinga hii habari ya muuzaji kumpa mnunuzi nyota. Na sipingi kwa hisia. Jambo hili lilishajaribiwa na watu wengi kuliko sisi, kwa pesa nyingi kuliko boom zetu zote zikikusanywa, na waliolianzisha wakalifuta wenyewe mwaka 2008. Sasa kwa nini tufeli mtihani ambao majibu yake yamebandikwa ukutani?

Twende polepole.

Mwaka 1995 kule California, Pierre Omidyar alianzisha mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kijitaa cha leza kibovu, kikaenda kwa dola 14.83. Yaani soko lile lilianza kwa kimeo! Ila kilikuwa kimeo kilichotangazwa wazi kuwa ni kimeo, na aliyenunua alijua anachonunua. Hapo hakuna mgogoro. Mgogoro unaanza pale unapouziwa mbuzi kwenye gunia, na mtandaoni kila mbuzi yumo kwenye gunia. Humuoni muuzaji, hushiki kitu, unatuma pesa halafu unasubiri posta na kuomba Mungu.

Ndiyo maana mwaka 1996 Omidyar akaweka utaratibu wa mrejesho. Mkishauziana, kila mmoja anampa mwenzake alama: nzuri inaongeza moja, mbaya inapunguza moja, ya katikati haifanyi kitu. Unaongeza na sentensi fupi. Alama zinajumlishwa, zinakaa pembeni ya jina lako, dunia nzima inaziona. Pande zote mbili zilipeana, kama hawa wenzetu wanavyotaka tufanye. Na msidhani alama hizo ni mapambo. Paul Resnick na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio ambalo muuzaji mmoja mzoefu aliuza kadi za posta za zamani kwa jina lake lenye sifa, halafu akauza kadi za aina hiyohiyo kwa majina mapya yasiyojulikana. Bidhaa zinafanana, mtu ni yuleyule. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa lile jina lenye sifa. Sifa ni hela, wadau. Na penye hela watu hupigania.

Sasa angalieni kilichotokea. Resnick huyohuyo na Richard Zeckhauser walichambua takwimu za eBay za mwaka 1999. Katika mirejesho ambayo wanunuzi waliwapa wauzaji, asilimia 99.1 ilikuwa mizuri. Mibaya ilikuwa asilimia 0.6. Na karibu nusu ya wanunuzi hawakusema chochote.

Hebu tuulizane sisi wa ualimu. Ukisahihisha mitihani ya darasa zima halafu wanafunzi 99 kati ya 100 wakapata A, utasema darasa lina vipaji? Au utauliza nani kavujisha mtihani? Soko la watu wasiojuana, wanaouziana vitu vilivyotumika kwa picha, halafu karibu kila mtu karidhika? Wengine waliridhika kweli, sikatai. Lakini wengine walikaa kimya, na wengine walisifia huku wameuma meno.

Waliogopa nini? Waliogopa kulipizwa. Mchezo ulikuwa hivi. Muuzaji anapokea pesa yake lakini hakupi alama. Anakusubiri uanze wewe. Ukimpa nzuri, naye anakupa nzuri, mnapakana mafuta. Ukimpa mbaya, anakubandika mbaya, na maneno juu: mnunuzi mkorofi, jihadharini naye. Haijalishi kwamba ulilipa siku ileile. Wewe kosa lako ni kusema.

Na hapa ndipo hesabu inapowaumbua wanaosema haki sawa. Chukua mfano wangu huu wa kubuni. Muuzaji ana alama 4,999 nzuri, umempa moja mbaya. Sifa yake imebaki asilimia 99.98. Hata hajasikia. Wewe mnunuzi ulikuwa na 9 nzuri, naye amekupa moja mbaya. Umeshuka mpaka asilimia 90. Kila utakayetaka kununua kwake kesho atakuona tapeli. Mmepeana kofi moja moja, sawa kabisa, ila yeye ni tembo na wewe ni sungura. Usawa wa namna hiyo mimi siutaki.

Kulikuwa pia na mlango wa nyuma. Kabla ya 2008 pande mbili zikikubaliana, zingeweza kuondoa alama walizopeana. Kwenye karatasi inaonekana kama suluhu ya wazee. Kwa vitendo ikawa silaha: nakubandika mbaya ya kisasi leo, kesho nakuandikia kwa upole kabisa, ndugu yangu, tufute zote yaishe. Wewe unataka jina lako lisafishike, unakubali. Funika kombe mwanaharamu apite. Na mnunuzi wa kesho haoni kwamba wewe uliumizwa. Naye anaingia shimo lilelile.

Watafiti Gary Bolton, Ben Greiner na Axel Ockenfels waliandika mwaka 2013 kuhusu jambo hili hili: mkipeana alama kwa zamu, mrejesho unageuka nipe nikupe, na habari zinazobaki sokoni zinapotoka. Alama inaacha kueleza bidhaa, inaeleza nani anamwogopa nani.

Ndipo Januari 2008 eBay wakatangaza kwamba kuanzia Mei mwaka huo muuzaji hataruhusiwa tena kumpa mnunuzi alama mbaya wala ya katikati. Ampe nzuri au anyamaze. Wauzaji walikuja juu! Kulikuwa na mabadiliko ya ada pia, kwa hiyo hasira zikachanganyika, na kuanzia tarehe 18 Februari baadhi yao wakagoma wiki nzima, hawakuweka bidhaa. Kilio chao kikubwa kilikuwa hiki hiki ninachokisikia kundini kwetu: mbona mnatufunga mdomo, wanunuzi wakorofi tutawafanya nini, wauzaji waaminifu watakimbia soko.

Je, walikimbia? Hapa ndipo napenda mnisome kwa makini, maana ndiyo hoja yenyewe. Tobias Klein, Christian Lambertz na Konrad Stahl walitumia mabadiliko hayo ya Mei 2008 kama jaribio, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2016. Walikuta wanunuzi waliridhika zaidi na wauzaji baada ya mabadiliko, na wauzaji hawakuongezeka kuondoka sokoni. Kwa lugha ya hapa kijiweni: wale waliokuwa wazembe walipoona fimbo imechukuliwa hawakufunga biashara. Walijirekebisha. Wakaanza kueleza bidhaa vizuri na kutuma mzigo mapema, kwa sababu kujirekebisha ni rahisi kuliko kuacha kuuza. Nani kapoteza hapo? Aliyepoteza ni yule tu ambaye biashara yake ilikuwa inategemea watu waogope kusema.

Najua kuna watu wataniambia, dada, hayo ni ya Wazungu, hapa tunajuana. Kujuana ndiko kunakoniogopesha zaidi! Kule ukibandikwa alama mbaya na mtu wa Chicago hamtakutana milele. Hapa muuzaji wa feni yuko kozi moja na wewe, au ni kiongozi wako wa kundi la semina, au ndiye mwenye zile notsi ambazo nusu ya darasa linazitegemea. Mwaka wa kwanza ana wiki mbili chuoni, hajui hata kafteria ipi ina wali wa bei nafuu, halafu mnataka ampe nyota moja mtu wa mwaka wa tatu, hadharani, kwa jina, huku akijua dakika hiyohiyo naye atabandikwa? Hatampa. Atampa tano, na ataandika asante sana kaka, mzigo umefika salama. Na feni haizunguki.

Na tukisema ukweli, sisi wenyewe tunajua jambo hili. Mwisho wa muhula tunajaza dodoso la kumtathmini mhadhiri. Mbona hatuandiki majina? Tungeambiwa mhadhiri atasoma maoni yako, jina lako juu, halafu ndiyo akasahihishe UE yako, nani angeandika kwamba huyu bwana vipindi sita hakutokea? Wote tungeandika mwalimu mzuri, anaelewesha. Hakuna hata mmoja wetu angeita ule utaratibu haki sawa, eti kwa kuwa yeye anakupima na wewe unampima. Darasani tunalielewa. Kwenye feni na magodoro tunajitoa ufahamu.

Hata sasa hali si nzuri huko nje. Rumeti wangu alinunua laptopu ya shilingi 350,000 kwenye ukurasa mmoja wa Instagram. Waliandika betri inakaa saa nne. Inakaa dakika ishirini, hata fomu ya kozi hujamaliza kujaza imezima. Akaandika chini ya picha, kwa adabu kabisa, shikamoo na kila kitu. Ndani ya saa moja komenti imefutwa na yeye kapigwa bloku. Ukienda leo kwenye ukurasa ule utakuta sifa tupu, maua na mioyo. Msinielewe vibaya, huenda wengi waliosifia walisifia kwa haki. Lakini anayepimwa ndiye aliyeshika kifutio. Kesi ya nyani hakimu ngedere, utategemea hukumu gani?

Na muuzaji akikosa kifutio hutafuta rungu jingine. Mwaka 2013 kampuni moja ya Ohio kule Marekani iliuza eBay kifaa cha dola 175. Kilipofika kilikuwa kinadaiwa pesa ya posta, dola 1.44. Mnunuzi akalipa, akaandika mrejesho mbaya akisema hivyo hivyo, kwamba kilikuja na deni. Alichoandika kilikuwa kweli. Kampuni ikataka kumrudishia hiyo dola 1.44 yake ili yaishe, hakuiondoa alama, ikampeleka mahakamani! Kesi kwa ajili ya dola moja na senti. Mawakili walijitolea kumtetea, habari zikasambaa, kampuni ikaomba radhi na kuiondoa kesi. Mwaka 2016 Marekani ikapitisha sheria inayobatilisha vipengele vya mikataba vinavyomkataza mteja kutoa maoni ya kweli. Nchi nzima ililazimika kutunga sheria kwa sababu wauzaji wengine hawakubali kuambiwa. Halafu sisi tunataka kumpa muuzaji rungu bure, kwa kura, na vidole gumba juu.

Sasa tuwe waungwana, tusikilize na upande wa pili, maana wauzaji nao wana kilio cha kweli. Wapo wanunuzi wakorofi. Wapo wanaosema naja saa kumi, unakataa wateja wengine, hawaji na simu hawapokei. Wapo wanaotumia kitu wiki mbili halafu wanataka warudishiwe pesa. Na wapo wabaya zaidi: nipunguzie elfu kumi la sivyo nakupa nyota moja. Hilo ni tishio, ni uporaji wa kistaarabu, na eBay wenyewe wanakataza mnunuzi kutumia alama kumlazimisha muuzaji ampe kitu ambacho hakikuwa kwenye makubaliano. Sisi pia tulikataze, tena kwa ukali.

Lakini dawa ya mnunuzi mkorofi si nyota. Muuzaji ana kinga tayari: asitoe mzigo kabla pesa haijaingia. Hatari yake inaisha meseji ya M-Pesa ikilia. Hatari ya mnunuzi ndiyo kwanza inaanza hapo, akifika chumbani na kuchomeka feni kwenye umeme. Hawa wawili hawako sawa, na ukiwagawia silaha sawa umemwongezea mwenye nguvu.

Wengine wamependekeza tufuate Airbnb, na hilo angalau lina akili. Wao mwaka 2014 waliamua maoni ya mgeni na ya mwenye nyumba yasionekane mpaka wote wawili wawe wameandika, au siku 14 zipite. Yaani kila mtu anaandika bila kujua mwenzake kaandika nini, kisasi kinakosa pa kushika. Kule inaeleweka, mgeni analala nyumbani kwa mtu, anaweza kuvunja, anaweza kuchafua, na mwenye nyumba mwingine anahitaji kujua. Kwetu nani atakaa na kufungua bahasha za WhatsApp kila baada ya siku 14? Waratibu wenyewe kazi za makundi zimewashinda!

Kwa hiyo mimi pendekezo langu la Jumamosi ni hili, na nimeshamtumia mratibu mkuu:

1. Mnunuzi tu ndiye anatoa nyota. Anamtumia mratibu, na zinabandikwa bila jina lake, kwa mafungu, mwisho wa kila mwezi, ili muuzaji asijue kwa urahisi nani kasema nini.

2. Muuzaji ana haki ya kujibu mara moja, kwa sentensi mbili tatu, na jibu lake linakaa chini ya alama ile siku zote. Mdomo hajafungwa. Kafungwa mkono tu.

3. Alama haifutwi kwa makubaliano ya wawili. Inafutwa ikithibitika ni uongo au tishio, kwa ushahidi: picha, meseji, risiti ya malipo.

4. Mnunuzi aliyeahidi na hakutokea, au aliyetishia, anaripotiwa kwa waratibu. Akirudia mara mbili anatolewa kundini. Hiyo ni adhabu tosha, na inatolewa na mtu mwingine, si na aliyekasirika.

5. Mratibu ambaye naye anauza vitu kundini hakai kwenye kesi inayomhusu. Hili najua litawaudhi watu wawili. Wanajijua, na nawapenda bado.

Kuna mmoja ameniambia kundini kwamba naleta siasa kwenye biashara ndogo ya magodoro. Ndugu yangu, godoro kwako ni dogo kwa sababu wewe unauza. Kwa yule wa mwaka wa kwanza anayetoka mkoani na boom yake ya kwanza mfukoni, godoro, feni na hita ndizo pesa zake zote za mwezi. Akiuziwa vimeo viwili amekula mihogo mpaka boom ya pili. Kitu pekee kitakachomlinda ni mwenzake aliyetangulia kusema ukweli bila kuogopa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na muuzaji mwenye kitu kizuri hana cha kuhofia kwenye mapendekezo yangu hata moja.

Haya, naomba kutoa hoja. Wanaopinga karibuni kwenye maoni hapo chini, wauzaji hasa, semeni chochote, mimi sifuti komenti ya mtu. Ila mkimaliza kunitukana mkumbuke kupiga kura Jumamosi kabla ya saa kumi na mbili jioni, maana mara ya mwisho tulipopiga kura, ile ya siku ya sherehe, watu 14 ndio waliamua kwa niaba ya wote, halafu wiki nzima mkalalamika wali ulikuwa mbichi.

Tuko pamoja. Narudi kusoma saikolojia ya elimu, test ni Jumatatu.